Bonyeza Moja

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa refu na zuri, lakini katika jengo lile hakuna aliyelitumia. Walimwita Waya. Jina hilo lilimwanzia utotoni, siku alipoifungua redio ya baba yake ili amwone mtu anayesoma habari, asimwone, na kuirudisha redio asiweze. Baba alikufa bila kuisikia tena. Mama alikuwa akiwasimulia wageni kisa hicho, na kila alipokisimulia alikitia chumvi, mpaka ikafika mahali hata pasi na jokofu navyo vilikuwa vimefunguliwa siku hiyohiyo.

Sasa alikuwa mwanamke kijana, fundi simu katika kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza viatu vya mitumba. Kutwa aliinama chini ya taa ya meza, bisibisi mkononi, akibadili vioo vilivyopasuka na betri zilizovimba. Shingo ilimuuma kama ya bibi kizee. Akitoka hapo jioni ndipo ilipoanza kazi yake ya pili, ile isiyo na mshahara wala likizo: kuwa mdomo na masikio ya jengo zima.

Maana jengo lile lilikuwa la watu waliohamia. Karibu wote walitoka nchi moja, wakikimbia mambo ambayo wazee hawakupenda kuyataja mbele ya watoto. Wazee walikuja na lugha yao, wakabaki nayo. Watoto walijifunza lugha ya wenyeji shuleni, kwa kuchekwa, na walipoijua tu wakageuzwa wakalimani wa ukoo. Waya alikuwa bado anang'oka meno ya utoto alipoanza kwenda na mama yake kwa daktari, kueleza mambo ya mwili wa mama ambayo mtoto hapaswi kuyajua. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wenyeji wa mji ule methali hiyo haikuwahi kuwafikia.

Kilichomsukuma kutengeneza laini ya simu ya msaada ni mtoto wa jirani wa ghorofa ya tatu. Alishikwa na homa iliyomkakamaza shingo. Mama yake alipiga namba ya gari la wagonjwa, akalia kwa lugha yake, na mtu wa upande wa pili akasema maneno mawili matatu kisha akakata. Pengine alidhani ni watu wanacheza. Mtoto alipona, masikio yake hayakupona. Mpaka leo mama yake humwita kwa kupiga mguu sakafuni ahisi mtikisiko, na jirani wa chumba cha chini husikia kishindo na kujua kwamba chakula kimeiva juu.

Waya alikichukulia kishindo kile kama deni lake. Akamwendea Mrefu, mtoto wa fundi cherehani, aliyekuwa akisomea kompyuta chuoni, kijana mrefu kiasi kwamba alishazoea kuinama hata kwenye milango isiyomgusa. Wakaunda laini yao: namba moja ya kawaida, inayopigika hata kwa simu ya vitufe, kwa sababu simu za wazee zote zilikuwa za vitufe, na vitufe vyenyewe vilikuwa vimefutika namba. Ukipiga, sauti inakuambia kwa lugha yako: ugonjwa wa ghafla bonyeza moja, barua usiyoielewa bonyeza mbili, mambo ya nyumba na maji na umeme bonyeza tatu. Ukibonyeza moja, simu za vijana wa zamu zinalia kwa pamoja, na wa kwanza kupokea anaita gari la wagonjwa kwa lugha ya wenyeji, anataja mtaa, jengo na mlango. Kitu chepesi, lakini kilikuwa kinaweza kuokoa roho ya mtu.

Tatizo likawa sauti. Kwanza walirekodi ya Mrefu. Watu walipiga, wakasikia kijana anawaamuru wabonyeze, wakakata. "Mtoto wa nani yule?" waliuliza ngazini. "Hata salamu hana!"

Hapo ndipo alipoingia mama yake Waya. Mama huyu alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli, mahali ambapo simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe, na mvuke huwapandisha pumzi kutwa. Lakini hakuna mvuke uliowahi kumpunguzia salamu zake. Watu walimwita Mama Salamu. Kupanda naye ngazi kutoka chini mpaka kwake ghorofa ya nne kulikuwa safari, maana kila mlango alipiga hodi, akauliza habari ya huyu na yule, akanyamaza ajibiwe, kisha ndipo akasogea. Waliokuwa na haraka walimkimbia. Waliokuwa wapweke walimsubiri.

Siku ya kurekodi alivaa gauni lake la kutokea. "Mama, ni sauti tu, hakuna atakayekuona," Waya alimwambia.

"Wewe utaniona," mama alisema, na kuketi wima mbele ya simu kama anayepigwa picha ya pasi ya kusafiria.

Alisalimu kama alivyosalimu milangoni. Aliuliza, akanyamaza ajibiwe, akaitikia majibu ambayo hayakuwepo, akauliza tena. Mrefu alitazama saa yake. Mama alipotoka kwenda jikoni, Mrefu alisema, "Tukate hivi vimya, na salamu zenyewe tuzipunguze. Mtu anaumwa, huku anaulizwa habari za watoto? Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Mama alimsikia kutoka jikoni. "Na haraka haraka haina baraka!" alipaza sauti. "Huwezi kumwambia mtu mzima bonyeza kabla hujajua kaamkaje!"

Waya ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Alijaribu kuvikata vile vimya, akasikiliza. Mama yake aligeuka kasuku. Akavirudisha. "Ukivitoa si mama tena," alimwambia Mrefu, na Mrefu akainua mabega.

Laini ikapamba moto. Watu walipiga, walisaidiwa, waliisifu. Mama mjamzito wa ghorofa ya pili alifikishwa hospitali kwa wakati. Barua za kutisha zilisomwa, zikaonekana hazitishi. Na palikuwa na simu nyingine, nyingi tu, ambazo mpigaji hakubonyeza chochote. Mashine ilikuwa ikihifadhi kila simu, kwa hiyo siku moja Waya na Mrefu walikaa wakazisikiliza, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Watu walikuwa wanaijibu salamu! Mama anauliza, "Hamjambo?" na bibi fulani anajibu, "Hatujambo mwanangu, ila mguu wangu huu, we acha tu," akasimulia habari za mguu mpaka sauti ikamuaga kwaheri naye akaaga kwa adabu. Waya aliipeleka simu hiyo nyumbani amsikilizishe mama. Mama alicheka huku akijifuta macho, akafurahi kama aliyepewa cheo.

"Wanaongea na mashine," Mrefu alisema siku ile, akiwa ameacha kucheka kidogo kabla ya mwenzake.

"Wanamsalimia mama yangu," Waya alijibu. "Kuna ubaya gani?"

Ubaya ulikuwa ghorofa ya kwanza, umevaa koti. Mzee wa Koti alilivaa koti lake la kijivu jua liwake au mvua inyeshe, lile alilopewa zamani alipokuwa mlinzi wa ghala, na watu walisema hata akioga analitundika mahali anapoliona. Mkewe alikuwa amefariki, mwanawe alikuwa nchi nyingine na hakupiga simu. Waya alimwita mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa damu. Mzee na Mama Salamu waliitana dada na kaka, na katika ngazi nzima mlango wake ndio uliokawiza zaidi safari ya mama. Walikuwa na utani wao: mama akimuuliza lini atalivua koti, yeye akimjibu kwamba siku atakapoletewa lingine.

Jioni moja mama alirudi kutoka kazini, akaukuta mlango ule uko wazi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti kilichoelekea mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, simu iko mapajani.

"Hodi kaka. Umeshindaje?" mama alisema, akanyamaza ajibiwe.

Alisalimu tena. Kisha akaingia, akamgusa mkono, akaukuta wa baridi.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja wakati hapakuwa tena na mgonjwa. Mmoja wao alimwambia Waya kwa lugha ya wenyeji kwamba ulikuwa moyo, na kwamba kwa jinsi wanavyoona mzee alikaa na maumivu kwa muda mrefu kabla ya kukata roho. "Anasemaje?" mama aliuliza. "Anasema alilala tu," Waya alitafsiri. Ilikuwa kazi yake tangu utotoni. Aliifanya bila kufikiri.

"Simu ilikuwa mapajani," mama alisema. "Alikuwa anampigia nani?"

Waya alisema hajui, na kwa kweli alikuwa bado hajui. Lakini mashine ilikuwa ikihifadhi kila simu.

Aliisikiliza simu ya mzee kibandani, mlango umefungwa, Mrefu amesimama nyuma yake. Ilikuwa simu ya alasiri.

"Hodi hodi jamani," sauti ya mama ilisema. "Ni mimi, Mama Salamu. Hamjambo?"

"Hatujambo dada." Pumzi zake zilikuwa fupi. "Ila mimi leo... kifua, dada."

"Vizuri, tushukuru. Na hapo nyumbani wote wazima?"

"Niko peke yangu, si unajua. Kimenibana tangu asubuhi. Na mkono huu siusikii."

"Haya, vizuri sana. Watoto nao?"

Alicheka kidogo, au alikohoa. "Yule hapigi simu. Mpigie wewe, labda atakuogopa."

"Tushukuru. Sasa nisikilize, ndugu yangu. Kama ni ugonjwa wa ghafla, bonyeza moja."

"Vitufe sivioni tena, dada. Giza limenijaa machoni. We waite tu hao vijana wako."

Sauti ya mama ikaendelea na mbili, ikaendelea na tatu, kwa upole, bila haraka. Mzee hakuikatiza. Alikuwa mtu aliyelelewa, na mtu aliyelelewa hamkatizi mama wa watu anapozungumza. Alisubiri, akihema, mpaka zamu yake ya kusema ifike.

"Haya, ndugu yangu. Tuko pamoja. Kwaheri ya kuonana."

"Haya dada," alisema Mzee wa Koti. "Naacha mlango wazi. Nakusubiri."

Mrefu ndiye aliyezungumza kwanza. "Futa," alisema. "Waya, futa. Nani atajua?"

"Najua mimi."

"Basi baki nayo wewe. Mama asiisikie."

Na Waya angeibeba peke yake, angekufa nayo, kama si mama mwenyewe. Msibani mama alikuwa haishi kusema. Alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, macho yamevimba, akimlaumu marehemu kwa upendo. "Si laini ipo?" alisema. "Angepiga tu! Mwenzetu alikuwa na kiburi kile cha kiume. Nyinyi msifanye hivyo, jamani. Mkiumwa pigeni, mtanikuta." Wanawake waliitikia kwa vichwa. Yule bibi mwenye mguu alisema yeye hupiga kila wiki na hujibiwa vizuri sana.

Waya alisikia kila neno, na lilimchoma kila moja. Ilibidi aiondoe sauti ile kabla mwingine hajafungua mlango na kukaa kusubiri, na hakuna namna ya kuiondoa sauti ya mama bila mama kuuliza kwa nini. Wageni walipotawanyika alimketisha kitandani, akamwambia yote. Hakulainisha. Kwa mara ya kwanza maishani alimtafsiria mama yake neno kwa neno.

"Niwekee nisikie," mama alisema.

"Mama, usi—"

"Niwekee."

Alisikiliza akiwa ameshika goti la binti yake. Simu ilipofika mwisho alisema, "Rudia." Mara ya pili, mahali pa kimya, midomo yake ilifunguka. Alikuwa anatafuta la kumjibu.

"Mbona sikumjibu?" aliuliza.

"Si wewe, mama. Ilikuwa sauti tu."

"Sauti ya nani?"

Waya aliiweka simu kando. Makosa yalikuwa yake: alikuwa ameambiwa avikate vile vimya, akavipenda mno. Alilia, akaomba radhi. Mama alimpigapiga mgongoni kama mtu anayemfariji mtoto wa jirani, huku akitazama ukuta.

Tangu siku hiyo Mama Salamu hakumsalimu mtu. Alipanda ngazi kimya, akishika ukuta, akipita milango kama mdaiwa wa kodi. Watu walidhani ni msiba, utapita. Haukupita. Wengine waliotegemea hodi yake walianza kufunga milango mapema.

Waya alirekodi upya, kwa sauti yake. "Ugonjwa wa ghafla, bonyeza moja, sasa hivi. Ni kitufe cha juu, kushoto. Usipobonyeza, subiri, mtu atapokea." Hakuna hodi, hakuna habari za nyumbani. Kisha akapita mlango kwa mlango na tyubu ya gundi anayobandikia vioo, akaweka tone juu ya kitufe cha moja cha kila simu ya mzee, likauka likawa kipele, ili hata asiyeona akipapase. Na asiyebonyeza hakuagwa tena na mashine. Simu yake ilikwenda moja kwa moja kwa mtu wa zamu.

Walimsema sana. Binti kakosa adabu, ukipiga unafokewa kama umevunja kikombe. Baba yake Mrefu, fundi cherehani, alizidiwa na sukari mbele ya cherehani yake. Akapapasa kipele, akabonyeza, akachukuliwa angali anapumua. Alipotoka hospitali alikwenda kibandani kushukuru, akakaa, akashukuru, kisha akamwambia Waya kwamba hata hivyo alitakiwa amsalimie kwanza.

Ukweli ni kwamba hapakuwa na wa kumsaidia Waya. Mrefu alipata kazi mji mwingine, akaondoka bila sherehe. Tangu siku ya kibandani walikuwa hawatazamani vizuri. Vijana wengine walichoka kupokea simu za watu wasiobonyeza, za kusimulia miguu. Mmoja baada ya mwingine wakaacha, mpaka zamu zote zikamwangukia Waya. Alikula na simu, akaoga na simu, akaacha kuonana na marafiki. Alikonda. Mteja akimwona anashtuka kila kinapolia kitu, alimuuliza anadaiwa na nani.

Kisha zikaanza simu za alasiri. Mama alikuwa amehamishiwa zamu ya asubuhi, akirudi mapema. Simu ya laini ililia kibandani, haikubonyezwa kitu.

"Laini hapa. Una shida gani?" Waya aliuliza.

Pumzi tu. Kisha ikakatwa. Alitazama namba, akakuta ni ya nyumbani kwao. Jioni alipomuuliza, mama alisema amebonyeza vibaya. Kesho yake, saa zilezile, akabonyeza vibaya tena. Waya akaelewa ni saa gani ile, saa aliyopiga Mzee wa Koti, akaacha kuuliza jioni. Lakini alasiri aliendelea kupokea, akauliza shida, akasikia pumzi, ikakatwa.

Mpaka siku moja simu ililia wakati mteja amesimama mbele yake, kioo kiko nusu mezani. Waya aliweka bisibisi chini. Hakuuliza shida.

"Shikamoo mama," alisema.

Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa kwa mfano maisha yake yote. Aliacha kimya kiwe kirefu kadiri kitakavyo. Mashine ya kinyozi ilinguruma upande wa pili wa ukuta.

"Mwambie nilikuwa kazini," mama alisema mwishowe. "Simu zetu wanazifungia kabatini. Mwambie ningesikia ningekuja mbio, hata na mashuka mkononi."

Waya alimgeuzia mteja mgongo. "Nitamwambia, mama."

"Mwambie sikumpuuza."

"Nitamwambia."

Waya alidhani mama ameshakata.

"Marahaba," mama akasema, kisha ndipo akakata.

Mteja aliuliza kama simu yake iko tayari. Waya alimwambia asubiri kidogo, akapapasa mezani, maana kwa machozi bisibisi hakuiona ilipo.